Doa jekundu la Wembere

Ramani yangu ya kwanza ilikuwa na doa jekundu upande wa magharibi wa Singida, chini ya mbuga ya Wembere. Nililipenda doa lile. Nililichapa kwa rangi, nikalibandika ukutani juu ya meza yangu, na kwa wiki tatu kila aliyeingia chumba cha wanafunzi wa uzamili nilimshika mkono aje alione.

Ramani yenyewe haikuwa ya ardhi tunayoikanyaga. Ilikuwa ya mwamba ulioko kama kilomita 40 kwenda chini, pale ganda la dunia linapoishia na mantili inapoanza. Mantili ni lile tabaka nene la mwamba wa moto ambalo ganda limelikalia. Hakuna shimo lililowahi kuchimbwa likaifikia kupitia ganda la bara lolote. Tunachofanya ni kusubiri tetemeko, kupima mawimbi yake yametumia muda gani kufika kwenye vituo vyetu, kisha kurudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye kasi ya mwamba yalimopitia. Kwa desturi, bluu ni mwamba unaopitisha mawimbi haraka, yaani uliopoa na kukaza. Nyekundu ni mwamba unaoyachelewesha, mara nyingi kwa sababu ya joto. Sasa nyekundu katikati ya Tanzania, kwenye kratoni, kipande cha bara kilichotulia kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5 hata Bonde la Ufa likalazimika kugawanyika matawi mawili na kupita pembeni yake: hiyo ingekuwa habari kubwa. Ndivyo nilivyoamini.

Wimbi tunalolitegemea linaitwa Pn. Mimi huwaeleza watu hivi. Mtu anatoka kijiji cha ndani ndani anakwenda kijiji kingine. Kama ni jirani, anakata kwa njia ya vumbi moja kwa moja. Kama ni mbali, inamlipa kushuka kwanza hadi barabara ya lami, japo anazunguka, apande basi, kisha ateremke amalizie kwa bodaboda. Ganda la dunia ni njia ya vumbi: humo wimbi la P, lile la tetemeko linalotangulia mengine yote kufika, linakwenda kama kilomita 6 na nusu kwa sekunde. Sehemu ya juu kabisa ya mantili ni lami: kilomita 8 na ushei. Tetemeko likiwa karibu, wimbi la gandani linafika kwanza. Ukivuka kilomita 200 hivi, lile lililozama hadi lami linampita mwenzake njiani na kuwahi kituoni. Andrija Mohorovičić ndiye aliyeling'amua hili, kwa kusoma rekodi za tetemeko la tarehe 8 Oktoba 1909 la bonde la mto Kupa, karibu na Zagreb. Kwenye vituo vingine aliona mawimbi mawili ya P mahali ambapo angetarajia moja, akatambua kwamba huko chini kuna mpaka. Mpaka huo hadi leo tunauita Moho, kwa kulifupisha jina lake.

Ukichora umbali wa vituo chini na muda wa kufika pembeni, nukta za Pn zinajipanga mstari, na ukigawanya moja kwa mwinamo wa mstari ule unapata kasi ya mwamba ulio chini ya Moho. Mara ya kwanza nukta zilipojipanga mbele yangu, nilikaa kimya kitambo. Mstari wa penseli ulikuwa unanieleza jambo kuhusu mahali ambapo hakuna jicho litakalofika.

Nilikuwa tayari nimesoma walivyofanya wenzetu wa mradi wa KRISP nchini Kenya, mwaka 1985, 1990 na 1994. Hawakusubiri matetemeko, walilipua baruti ndani ya maziwa na kwenye visima, wakapanga mamia ya vipokezi kutoka Turkana kushuka kusini. Walikuta ganda lina unene wa kilomita 20 tu chini ya Turkana, na kama 35 chini ya Naivasha. Na chini ya ganda hilo, kwenye mhimili wa Bonde la Ufa, kasi ilikuwa kati ya 7.5 na 7.8. Ni ndogo mno. Mwamba wa hapo una joto kali, na kwa dalili zote umeanza kuyeyuka kidogo. Toka nje ya bonde, kasi inapanda tena kupita 8. Kwa hiyo nilijua Bonde la Ufa lililopata moto linaonekanaje kwenye tarakimu, na doa langu lilikuwa na tarakimu hizo hizo: 7.8, mahali pengine 7.7.

Vituo vyetu tuliviweka sisi wenyewe, na kile cha upande wa Iramba, juu ya mbuga ya Wembere, nilikuwepo tangu jembe la kwanza. Tulianza kwa mtendaji wa kijiji, tukaenda kwenye mkutano chini ya mti. Mama mmoja akauliza kama tunatafuta dhahabu. Lilikuwa swali la haki kabisa: Sekenke, ambako Wajerumani walianza kuchimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ni huko huko. Kijana mwingine akauliza kama mashine yetu inaita radi. Nilijibu kadiri nilivyoweza. Nilichukua beseni la maji, nikagonga meza, mawimbi yakaonekana usoni mwa maji. Nikawaambia chombo chetu ni sikio, hakina mdomo. Wazee wakacheka, wakatupa eneo nyuma ya shule ya msingi.

Tulichimba shimo la urefu wa mtu hadi kifuani, tukashusha pipa la plastiki, tukamwaga zege chini na kusubiri likauke. Seismomita, yaani chombo cha kupima mitetemo, inakaa juu ya zege hilo, imeelekezwa kaskazini kwa dira, na kiputo chake cha pima maji kiko katikati kabisa. Inafunikwa kwa sponji na udongo ili joto la mchana lisiichezee. Pembeni kuna boksi la kinasa data, betri la gari na paneli ya sola. Juu ya mti mfupi tukafunga antena ya GPS, nyeupe, ya mviringo. Watoto waliiita uyoga kabla hatujamaliza kuifunga, na sisi tukaiita hivyo hivyo mpaka mwisho. Uyoga ule ndio unaokiambia kinasa ni saa ngapi.

Mlinzi tuliyepewa alikuwa mzee aliyewahi kuwa mgambo, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alituomba kaunta buku na kalamu mbili. Nilidhani ni kwa ajili ya wajukuu.

Baada ya hapo nilirudi mjini kwenye kazi ndefu ya kuchagua nukta. Unafungua rekodi ya kila tetemeko kwa kila kituo na kuweka alama pale Pn inapoanza. Inaonekana rahisi kwa kuitaja. Lakini Pn ni wimbi jembamba, linaingia kwa kunyata, na mbele yake kuna kelele za kila namna. Nilifika mahali pa kuzijua kelele za kila kijiji. Kituo kimoja kilikuwa na ukanda mnene wa mitetemo kila asubuhi hadi mchana, na Jumapili hakuna kitu: mashine ya kusaga. Kingine kilichafuka siku moja kila juma kuanzia alfajiri, ng'ombe na malori ya mnada. Kwa Iramba usiku ulikuwa mtulivu sana, kimya kilichonyooka kama uzi, hata Pn hafifu kutoka Ziwa Tanganyika ilionekana wazi. Ndiyo sababu nilikiamini kituo kile kuliko vyote.

Sasa hesabu. Kutoka matetemeko ya Tanganyika upande wa Kigoma hadi Iramba ni zaidi kidogo ya kilomita 500. Kwa kasi ya kilomita 8.3 kwa sekunde, wimbi linatumia kama dakika moja tu. Likichelewa sekunde moja, kasi ya wastani ya njia nzima inashuka kwa kama 0.1 tu, na mtu anaweza asishtuke. Lakini tomografia, yaani hesabu inayounganisha muda wa mawimbi yote kuwa ramani moja, haiachi ucheleweshaji utawanyike njia nzima. Vituo jirani navyo vilikuwa vimepokea mawimbi kutoka huko huko Tanganyika, na vyote vilisisitiza kwamba njia ni nzuri, mwamba ni wa kasi. Hivyo hesabu ikausukuma ucheleweshaji wote kwenye kipande cha mwisho, karibu na kituo, ambako njia za kituo hicho zilipita peke yake. Sekunde moja ikibanwa kwenye kilomita 100 za mwamba wa 8.4, unapata 7.75. Hiyo ndiyo hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kwenye karatasi kabla ya kubandika chochote ukutani.

Kulikuwa na mlango mwingine ambao ungeniokoa, nikaufunga kwa mkono wangu. Katika hesabu hizi kila kituo hupewa kiasi chake cha kuchelewa, kwa sababu ganda likiwa nene zaidi wimbi linatumia muda zaidi kupanda. Kila kilomita moja ya ziada ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba ganda la kratoni ya Tanzania lina unene wa kilomita 37 hadi 42, tofauti ndogo, nikaamua vituo visiruhusiwe kuchelewa sana. Nilijiona mwangalifu. Kumbe nilikuwa nimemnyima mshtakiwa nafasi ya kusema.

Na maelezo nilikuwa nayo! Bonde la Ufa la Eyasi linateremka kusini-magharibi hadi Wembere. Ukisimama ukingoni mwa miinuko ya Iramba unaiona mbuga imetandazika chini. Nikaandika kurasa kumi na moja kwamba joto la tawi la mashariki limeanza kupenyeza chini ya kratoni kwa kufuata njia hiyo. Kila sentensi ilikaa vizuri na mwenzake. Nikiwa mkweli, hiyo ndiyo siku niliyotakiwa kuogopa.

Mwalimu aliyenisimamia alisimama mbele ya ramani kwa muda, mikono nyuma. Kisha akauliza, "Doa hili ni la lini?"

Nikamjibu kwamba volkano za kaskazini zina miaka milioni kadhaa, kwa hiyo labda joto...

"Hapana, binti. Naulizia tarehe. Matetemeko yaliyolichora yalitokea siku zipi?"

Sikujua. Muda wote nilikuwa nimepanga data yangu kwa mahali: latitudo, longitudo, umbali. Sikuwahi hata mara moja kuipanga kwa siku. Nilirudi mezani, nikachukua kila Pn ya Iramba, nikachora kuchelewa kwake mbele ya kalenda. Ilinichukua dakika ishirini. Agosti hadi Oktoba, matetemeko machache, yote yamekaa kwenye sifuri. Kuanzia Novemba yakaanza kupanda, taratibu, kwa mstari ulionyooka: Januari nusu sekunde, Machi sekunde moja na kidogo, mwanzoni mwa Mei sekunde moja na nusu. Halafu katikati ya Mei yakadondoka hadi sifuri kwa siku moja. Mwamba haupati joto na kupoa kwa miezi sita. Na karibu matetemeko yangu yote mazuri ya Tanganyika na Rukwa yalikuwa ya kati ya Novemba na Mei.

Ilikuwa saa. Saa ya kinasa ilikuwa inakwenda mbele kwa kama milisekunde 9 kila siku, na kila wimbi lililofika kwa wakati wake liliandikwa kwamba limechelewa. Ili niwe na hakika nilichukua matetemeko makubwa ya mbali, ya Indonesia, ambayo mawimbi yake huja kutoka chini na kupiga vituo jirani karibu kwa pamoja. Iramba ilikuwa nyuma ya majirani zake kwa kiasi kile kile, siku zile zile. Lakini sababu? Taarifa ya kinasa ambayo ingeonyesha GPS ilipopotea haikuwa kwenye diski tulizonakili. Na Februari nilikuwa nimekwenda pale mwenyewe. Mvua ilikuwa inakuja, nikabadilisha diski, nikaona taa ya umeme ni ya kijani, nikafunika boksi, tukaondoka kabla korongo halijajaa maji. Taa ya GPS sikuitazama. Nimeirudia picha ya mkono wangu ukifunga boksi lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nilisafiri kurudi kijijini. Mzee alinikaribisha chini ya mwembe, nikamweleza kwamba saa ya mashine iliharibika kuanzia Novemba, kama anakumbuka chochote. Hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na ile kaunta buku, imefungwa kwa mfuko wa plastiki.

Aliandika kila siku. Kila siku! Tarehe, saa, neno moja au mawili. "Salama." "Salama." "Mbuzi ndani ya uzio, nimetoa." "Wanafunzi wamecheza karibu, nimekataza." "Ardhi imetikisika kidogo, saa 1 usiku." Nilianza na hilo la mwisho, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka na nilitaka jambo ninaloweza kulihakiki. Saa 1 usiku ni saa 19 kwenye simu yangu, na ni saa 16 kwenye rekodi zetu, ambazo zinafuata saa ya dunia. Nikafungua kompyuta hapo hapo juu ya mkeka. Lilikuwepo, tetemeko dogo la karibu, dakika nne baada ya saa 16.

Kisha nikafungua Novemba. Tarehe 14, saa 2 asubuhi: "Panya amekata waya wa uyoga. Nimefunga kwa nailoni. Umekaza." Na tarehe 16 Mei: "Vijana wa mashine wamefika. Wameweka waya mpya." Hao walikuwa wenzetu wa zamu nyingine, na hawakuwa wameandika popote.

"Nilikosea kufunga?" mzee akaniuliza.

"Hapana, babu. Ulifunga vizuri. Mimi ndiye niliyepita hapa nisiutazame."

Tukanyamaza. Baadaye akasema, "Mlisema mashine ni sikio. Mimi niliona na macho yawepo."

Nilizitupa nukta zote za Iramba za miezi ile sita. Wengine waliniambia nizirekebishe kwa kuwa mwendo wa saa ulikuwa mstari mnyoofu, na leo huenda ningefanya hivyo. Wakati ule sikutaka kubaki na kitu kilichowahi kunidanganya kwa uzuri kiasi hicho. Nikavipa vituo uhuru wa kuchelewa kadiri data ilivyotaka, nikaendesha hesabu upya usiku, asubuhi doa halikuwepo. Wembere ilikuwa bluu kama jirani zake. Kratoni yote ilisimama juu ya 8.3, na katikati 8.4. Na hilo ndilo walilokuwa wameliona waliotutangulia na seismomita 20 zilizopangwa kuvuka Tanzania mwaka 1994 na 1995: mantili ya juu iliyo baridi na ya kasi, na hata chini ya mabonde ya ufa upande wetu haijalegea kama chini ya mhimili wa Kenya. Ramani yangu haikuwa na habari mpya ya kutangaza. Ilikuwa na mpaka uliochongoka vizuri zaidi upande wa mashariki, basi, na nilifurahi nao.

Tangu hapo sijachora ramani kabla ya kuchora kalenda. Wanafunzi wanaokuja kwangu nawapa kwanza daftari, na nawaomba waandike kituoni wanachokiona kwa macho: waya, uzio, taa zote, nyasi zimefika wapi. Wengine wanaona ni kupoteza muda. Siwalaumu, ila sipokei data isiyo na daftari.

Jambo jingine lilinisaidia kupona. Mwaka uliofuata nilipelekwa Lashaine, kilima cha volkano ya zamani karibu na Monduli. Mlipuko wa pale ulipandisha juu vipande vya mantili yenyewe. Nikaokota kimoja kwenye majivu yaliyogandamana: kizito kuliko ukubwa wake, rangi ya kijani ya chupa, chembe za madini ya olivini zinameremeta kama sukari, na humo madoa mekundu yaliyokolea ya madini ya ganeti. Nilikikamata muda mrefu. Mwamba huu ukipata joto la nyuzi 100 zaidi, mawimbi yanapungua kama mita 50 tu kwa sekunde. Tofauti yote tunayoitafuta ni nyembamba hivyo, na sisi tunaitafuta kwa saa zinazotegemea waya unaoliwa na panya. Kwa nini basi nisiukague waya?

Siku ya kung'oa kituo cha Iramba nilimpelekea mzee ramani mpya, imewekewa plastiki. Niliitandaza juu ya kinu kilichopinduliwa. Akaniuliza shule iko wapi, nikamwonyesha. Akaweka kidole.

"Na huku chini kwangu ni ngapi?"

"Kilomita 8.4 kwa sekunde. Ni mwamba mgumu, babu. Wa zamani sana."

Akafungua kaunta buku kwenye ukurasa uliokuwa umebaki mmoja, akaandika "Mashine imechukuliwa," na chini yake "8.4". Kalamu ikasimama. Akaniangalia.

"Sasa hivi saa ngapi?"

Nikatazama simu, nikamwambia saa 4 na dakika 12. Akaandika.